Kinga, viza na kashe: mgeni wa baiskeli anapofika Basoko

Inatokea mgeni anashuka kwenye baleinière pale Basoko, mahali Aruwimi inapoingia ndani ya mto Congo, na kinga yake imefungwa mifuko mbele na nyuma. Watoto wanamzunguka. Wenye toleka wanaangalia mnyororo na breki, wanauliza ile kinga inauzwa ngapi. Kabla hajapata hata maji ya kunywa, swali la serikali limekwisha kumfikia: "Makaratasi iko wapi?" Kuanzia hapo mambo yanaweza kwisha kwa nusu saa, ama yanaweza kula siku tatu.

Wasafiri wanaovuka Afrika kwa kinga si wengi, na wanaopita Tshopo ni wachache zaidi. Lakini kila mara mmoja anapopita, kuna mkaaji anayemlaza, kuna chef anayemwandika, kuna kijana anayembebea mizigo, na hao wote wanaweza kuitwa kujibu maswali juu yake. Na kuna upande wa pili: vijana wetu wenyewe, waliozoea kusukuma kinga yenye mizigo kuliko mtu yeyote, nao wanataka kuvuka mpaka kwenda Uganda ama mbali zaidi. Kwao makaratasi ni mlima uleule, ila upande wao ni mkali zaidi.

Viza inahesabu siku, kinga inahesabu kilomita

Mtu wa ndege anaomba viza, wiki mbili baadaye amefika, mwezi mmoja unamtosha na kubaki. Mtu wa kinga anaomba viza akiwa mbali, halafu anapanda baiskeli kuifuata. Hapo ndipo shida yote inapoanzia.

Kwenye viza kuna mambo mawili ambayo watu wanayachanganya. Moja ni tarehe ya mwisho ya kuingia inchini. Nyingine ni siku anazoruhusiwa kukaa akishaingia. Viza nyingine zinaanza kuhesabu siku ile kashe ya mpaka inapopigwa. Nyingine zinahesabu tangu siku ile ubalozi umeisaini, na hapo mgeni anaweza kuchukua viza ya mwezi mmoja, akatembea wiki tatu kufika mpaka, akaingia Congo amebakiwa na siku tisa. Ameingia kwa haki, lakini siku ya kumi yuko makosani katikati ya pori.

Chukua mfano wa hapa kwetu. Mgeni ameingia Ndu, kando ya Bangassou ya Afrika ya Kati, na anataka kutokea Kasindi upande wa Uganda. Njia yake ni RN4: Bondo, Buta, Banalia, Kisangani, Bafwasende, Nia-Nia, Mambasa, Komanda, Beni, Kasindi. Kutoka Ndu mpaka Kisangani ni zaidi ya kilomita 600. Kutoka Kisangani mpaka Beni ni zaidi ya 700, na Kasindi iko mbele tena. Tuseme 1,400 kwa jumla. Kwenye udongo mkavu mtu mwenye nguvu anaweza kufanya kilomita 50 kwa siku. Hiyo ni siku 28 bila kupumzika hata siku moja, bila malaria, bila rayon kukatika, bila kungoja bac ya kuvuka Aruwimi pale Banalia. Mvua ikinyesha, zile 50 zinakuwa 25, na viza ya mwezi mmoja inakwisha kabla hajafika Nia-Nia. Na hiyo ni hesabu ya kilomita peke yake. Upande wa Mambasa, Komanda na Beni kuna vita vya ADF, na hakuna viza inayomlinda mtu na risasi. Wengi wanaobadilisha njia wanabadilisha kwa sababu hiyo, na kubadilisha njia pia kunakula siku.

Wanaokuja kwa mto wana mtego wao. Kinshasa mpaka Kisangani ni kilomita 1,734 za maji. Masuwa inaweza kuchukua wiki mbili, inaweza kuchukua zaidi ya mwezi, kufuatana na mashini, mizigo, na michanga ya mto wakati maji yamepungua. Mgeni anayepanda Kinshasa na viza ya siku 30, akifikiri atafanya baiskeli Tshopo, anaweza kuimaliza akiwa amelala juu ya magunia kati ya Lisala na Bumba. Anaposhuka Basoko hajakanyaga pedali hata moja, na tayari yuko mtu wa kutafutwa.

Viza ya Congo inachukuliwa wapi

Kawaida iliyozoeleka ni kwamba balozi za Congo zinampa mtu viza katika inchi anayokaa kwa haki. Mfaransa anaomba Paris, Mkenya anaomba Nairobi. Kwa msafiri wa kinga aliyeacha nyumba mwaka mzima uliopita, sheria hii ni ngumu kuliko mlima wowote. Kuna waliopata viza kwenye ubalozi wa njiani, Afrika ya Magharibi kwa mfano, halafu wakafika mpakani wakaambiwa: wewe si mkaaji wa inchi ile, rudi. Viza ilikuwa ya kweli, ada ililipwa, lakini mlango ulifungwa.

Kwa mtu ambaye inchi yake haina ubalozi wa Congo kuna kitu kinaitwa visa volant, ruhusa inayotayarishwa na DGM huku inchini na kutumwa ili aingie nayo. Na katika miaka ya karibuni serikali imefungua njia ya kuomba viza kwa intaneti. Inapunguza safari za kwenda ubalozini, lakini msafiri wa nchi kavu asome vizuri ile karatasi imetaja mlango gani wa kuingilia, kwa sababu kituo kidogo cha mpakani hakina kila siku umeme wala mtandao wa kuihakikisha. Aichapishe kwenye karatasi, nakala tatu ama nne. Simu iliyozimika si mukanda.

Viza karibu zote zinadai barua ya mualiko yenye kuitwa prise en charge, na hiyo inamhusu mkaaji moja kwa moja. Kusaini prise en charge si kumkaribisha mtu tu. Aliyesaini anaiambia serikali kwamba atajibu juu ya malazi ya yule mgeni, chakula chake, matibabu yake akigonjwa, na kurudishwa kwake akikwama. Wageni wa kinga wanaomba barua hizi kwa watu wasiowajua, mara nyingi kupitia parokia, hoteli, shirika ama rafiki wa rafiki. Mtu wa Basoko akiombwa, hakuna ubaya kukubali, lakini atake kwanza kopi ya pasipoti, njia atakayopita, tarehe, na namba ya ndugu zake. Asisaini karatasi iliyo tupu akimwachia mgeni kujaza. Na asikubali kuuza saini. Kuna wanaofanya biashara hiyo mijini, lakini siku mgeni akipatikana ameua siku zake, jina lililo kwenye karatasi ndilo linaloitwa.

Nani ana haki ya kuuliza

Hapa wakaaji wengi hawana uhakika, wala wageni.

Mpakani, amri namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne tu: uhamiaji (DGM), forodha (zamani OFIDA, tangu 2009 inaitwa DGDA), OCC yenye kupima bidhaa, na huduma ya afya ya mipakani. Ilitolewa kwa sababu mipaka ilikuwa imejaa maofisi, kila moja na meza yake na kitabu chake cha risiti. Mtu yeyote aliyesimama kwenye baadhi ya mipaka yetu anajua kama meza bado ni nyingi. Lakini amri iko, na mgeni anaweza kuuliza kwa heshima: "Mukubwa, huduma yako ni gani?" Swali hilo, likiulizwa pole pole, limefupisha foleni nyingi.

DGM yenyewe ilianzishwa kwa décret-loi namba 002/2003 ya tarehe 11 Januari 2003. Ndiyo yenye kupiga kashe ya kuingia na ya kutoka, ndiyo yenye kuongeza siku za viza. Sheria kubwa juu ya wageni ni ya zamani zaidi, ordonnance-loi namba 83-033 ya tarehe 12 Septemba 1983, ya wakati wa Mobutu.

Huduma ya afya inataka kadi ya njano, yaani chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 kanuni za dunia zinasema chanjo hiyo inadumu maisha yote, hata kama kadi ya zamani imeandikwa miaka 10. Mgeni akiambiwa kadi yake imekufa kwa sababu ya miaka 10, ana haki ya kueleza hivyo. Asipige kelele. Kelele mpakani zinaongeza bei.

Ndani ya inchi mambo ni tofauti. Mgeni akiwa na viza na kashe ya kuingia, bado kila mji wenye biro ya DGM unaweza kumtaka ajionyeshe: jina, namba ya pasipoti, anatoka wapi, anaenda wapi, analala wapi. Kuandikwa namna hii ni kawaida, na afadhali aende mwenyewe mapema kuliko kuletwa na polisi jioni. ANR nayo inaweza kumuuliza. Vijijini, ambako hakuna biro, ni chef wa localité anayempokea, na kwa kweli ndiye muhimu kuliko wote. Mgeni aliyelala kwa chef, chef akamwandikia karatasi kidogo yenye kashe yake kwenda kwa chef wa kijiji kinachofuata, anapita bariera ambazo pasipoti yenyewe haikuzifungua. Askari wa bariera huenda hasomi Kipolandi wala Kijapani, lakini kashe ya groupement anaijua.

Sasa, feza. Viza, nyongeza ya siku, faini: hizi ni feza za serikali. Njia yake ya haki ni note de perception, kulipa benki, na kurudi na ushahidi wa malipo. DGRAD ndiyo yenye kukusanya. Kitu kinacholipwa mkononi, bila karatasi, na bei inayoshuka kila unaponyamaza dakika tano, hiyo ni madeso ya bana. Msafiri wa kinga ana silaha moja ambayo mtu wa jeep hana: hana haraka inayoonekana. Anaweza kuegemeza kinga kwenye mti, akatoa kikombe, akapika chai. Wengi wameambiwa waende bila kulipa kwa sababu tu walikaa muda mrefu kuliko askari alivyotaka kuwaangalia.

Mambo mawili yanawaingiza wageni matatani bila wao kujua. La kwanza ni picha. Usipige picha bandari, daraja, uwanja wa ndege, kambi, askari, wala biro ya serikali. Kwa mtu aliyefurahia kufika kwenye mto, picha ya kwanza anayotaka ni ya bandari, na ndiyo hiyo inayompeleka ndani. La pili ni machimbo. Mgeni kuzunguka katika eneo la madini kunadai ruhusa ya pekee, na Tshopo ina dhahabu upande wa Bafwasende na almasi upande wa Banalia. Njia ya mkato aliyoonyeshwa na vijana inaweza kumfikisha katikati ya kareri, na hapo hakuna atakayeamini kwamba alikuwa anatafuta tu kona ya kupunguza kilomita.

Kinga yenyewe inadai karatasi?

Gari la mgeni linatembea na carnet de passage, kitabu kinachoahidi forodha kwamba gari halitauzwa inchini. Kinga haidaiwi carnet. Inapita kama mzigo wa mtu mwenyewe. Hata hivyo mgeni afanye vizuri kubeba risiti ya kununulia, ama karatasi yenye namba iliyochongwa kwenye fremu, kwa sababu kinga za safari ndefu zina bei ya kushangaza na swali "umeinunua wapi?" linarudi kila mara. Kama hana, anaweza kuomba forodha waandike kinga pamoja na namba yake kwenye karatasi ya kuingia. Inasaidia siku ya kutoka, na inasaidia zaidi siku ikiibwa.

Watu wa hapa watacheka kidogo. Kinga zetu zimebeba uzito mkubwa kuliko zote hizo. Wakati wa vita vya 1998 mpaka 2003, mto ulipofungwa na njia za magari kufa, ni kinga zilizolisha Kisangani: mafuta ya mawese, mchele, chumvi, sabuni, nguo, kusukumwa kwa miguu siku nyingi porini. Toleka, jina lenyewe kwa Kilingala ni "tupite", lilitoka Kisangani na kuenea. Na wale waliokuwa wakisukuma walijua bariera kuliko mgeni yeyote: kila kundi lenye silaha na kamba yake, kila kamba na bei yake, kila bei na karatasi ambayo kamba inayofuata haikuitambua.

Karatasi ya kutoka kijijini

Wazee wa Basoko hawahitaji kuelezwa viza ni nini, kwa sababu waliijua ndani ya inchi yao wenyewe. Wakati wa Wabelgiji, mwanakijiji aliyetaka kutoka chefferie yake zaidi ya mwezi mmoja alihitaji passeport de mutation. Bila hiyo, kufika Stanleyville ilikuwa kosa la kufungwa. Mtu wa Basoko alihitaji ruhusa kwenda mji ulio kama kilomita 200 kwa mto, huku kampuni zikihamisha watu kwenda mashamba ya mawese bila kuwauliza sana.

Na kabla ya hapo, Basoko yenyewe ilikuwa kizuizi. Mwaka 1887 Tippu Tip alipewa cheo cha gavana wa Stanley Falls na Dola Huru la Congo. Miaka miwili baadaye dola hilohilo lilijenga kambi yenye ngome Basoko ili watu wake Tippu Tip, waliokuja na Kiswahili chao kutoka mashariki, wasishuke mto zaidi. Nani apite na nani asipite pale Aruwimi ni swali la zamani.

Waliopita kwa kinga

Mwanzo wa safari hizi ndefu watu wengi wanautaja kwa Kazimierz Nowak, Mpolandi, aliyeanza Tripoli mwaka 1931, akashuka mpaka ncha ya kusini ya Afrika, halafu akarudi juu mpaka Algiers mwaka 1936. Alipita Congo ya Wabelgiji wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Safari yote ilikuwa kama kilomita 40,000, kwa kinga, miguu, farasi, ngamia na mtumbwi. Wakati ule Afrika karibu yote ilikuwa ya wakoloni wachache, na hivyo alishughulika na serikali chache kuliko msafiri wa leo. Alifariki kwao mwaka 1937, miezi isiyofika kumi na mbili baada ya kurudi.

Riaan Manser wa Afrika Kusini alizunguka pembeni yote ya bara kuanzia 2003 mpaka 2005: inchi 34, zaidi ya kilomita 36,000. Inchi 34 ni pia mipaka 34 ya kuomba, kungoja na kulipa. Tour d'Afrique, safari ya makundi ya waendesha kinga kutoka Cairo mpaka Cape Town iliyoanza mwaka huohuo wa 2003, inapita upande wa mashariki wa bara na kuiacha Congo kando. Tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, hata njia ile ya kawaida ya Nile imekatika, na msafiri wa peke yake analazimika kufikiri upya anapita wapi.

Mfano ulio karibu zaidi na vijana wetu ni wa Mamadou Safaiou Barry, kijana wa Guinea. Mwaka 2023 aliondoka kwao kwa kinga kwenda kusoma Al-Azhar, Misri. Alipita Mali, Burkina Faso, Togo, Benin, Niger na Chad, kama kilomita 4,000 kwa miezi minne. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ndani ya inchi za CEDEAO, ambamo raia hahitaji viza. Hata hivyo alikamatwa na kuzuiliwa Burkina Faso na Togo. Vita vya Sudan vilimfungia njia, na Chad alipata watu wa kumsaidia kwa ndege mpaka Cairo, ambako Al-Azhar ilimpokea na kumlipia masomo. Mzungu mwenye mifuko mizuri anaulizwa kama ni mtalii. Mwafrika mwenye kinga moja na mfuko mmoja anaulizwa kama ni muasi.

Mtoto wa Basoko akitaka kutoka

Tuseme kijana wa toleka, mwenye akiba kidogo, anataka kwenda Uganda kutafuta vipuri ama kuona dunia. Kadi ya mpiga kura inamtosha kama kitambulisho ndani ya Congo. Mpakani haitoshi.

Pasipoti ya Congo ilikuwa kati ya zile za bei ya juu Afrika. Mwaka 2015 ilipandishwa mpaka dola 185. Uchunguzi uliochapishwa na Reuters mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika zile 185, serikali ilikuwa inapata 65 tu. Mwaka 2020 bei ilishushwa mpaka dola 99. Kwa mwenye toleka anayelipwa kwa franga, bado ilikuwa faida ya miezi mingi, bila kuhesabu safari ya kwenda Kisangani, malazi, na wale vijana wanaosimama nje ya biro wakisema watakusaidia kuharakisha.

Kwa wakaaji wa mpakani kuna jeton ama laissez-passer ya muda mfupi. Karatasi hizo ni nzuri kwa soko la ng'ambo, lakini si za kuendesha kinga mpaka Kampala. Muda wake ni mfupi na eneo lake ni dogo, na aliyekamatwa mbali na mpaka akiwa na jeton anahesabiwa kama hana kitu. Kwa Rwanda na Burundi kulikuwa pia na makubaliano ya CEPGL, jumuiya iliyoanzishwa Gisenyi mwaka 1976, na karatasi yake ya kupita. Mtu wa Goma ama Bukavu anaifahamu, mtu wa Basoko mara nyingi hajawahi kuiona.

Tarehe 8 Aprili 2022 Congo ilisaini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tarehe 11 Julai 2022 ikawa mwanachama kamili. Watu wengi walisikia redioni na kuelewa kwamba viza zimekwisha. Haiko hivyo moja kwa moja. Inchi za jumuiya zinaondoleana viza mbili mbili, kila moja na wakati wake. Kenya na Congo zilifanya hivyo mwaka 2023. Na hata pale viza imeondolewa, pasipoti inabaki kudaiwa, kashe inabaki kudaiwa, na siku za kukaa bado zina mwisho. Kabla ya kuuza kitu ili kupata feza ya safari, aulize DGM Kisangani hali ya siku hiyo kwa inchi anayokwenda, si hali aliyosimuliwa na mtu aliyepita miaka mitatu nyuma.

Umoja wa Afrika ulitangaza pasipoti ya bara huko Kigali mwaka 2016, na mwaka 2018 ukapitisha itifaki ya watu kutembea huru. Itifaki hiyo inahitaji inchi 15 kuithibitisha ndipo ianze kazi. Waliothibitisha ni wachache sana, Rwanda, Niger na Mali zikiwemo.

Kwa mgeni anayetoka upande wa mashariki kuja kwetu kuna mtego mwingine mdogo. Viza moja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda, ya dola 100 na siku 90, ilianzishwa 2014 na Congo haimo. Akitoka Uganda akaingia Kasindi, viza ile imekufa. Akirudi atalipa upya. Na kuanzia Bunagana iliposhikwa na M23 Juni 2022, halafu Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, kupita milango hiyo kunaleta jambo jingine: kashe iliyopigwa na watu wasiotambuliwa na Kinshasa inaweza kumletea mgeni maswali marefu siku atakayofika Kisangani.

Siku zikibaki chache

Kuongeza siku za viza ni kazi ya DGM, na kwa Tshopo kazi hiyo inafanyika Kisangani. Mgeni asingoje siku ya mwisho. Aombe viza ikiwa bado hai, abebe pasipoti, picha, kopi, barua ya aliyempokea, na muda wa kungoja. Viza ikikwisha kabla, anaingia kwenye faini, na wakati mwingine kwenye amri ya kuondoka inchini.

Akipoteza pasipoti, ama ikianguka mtoni, jambo linalotokea kweli kwa wanaopanda mitumbwi na kinga juu, aende polisi kwanza kwa attestation ya kupoteza makaratasi, kisha DGM, kisha atafute ubalozi wake, ambao karibu kila mara uko Kinshasa. Kopi aliyoacha kwa mtu, ama picha aliyojitumia kwenye barua pepe, inageuza wiki tatu kuwa wiki moja. Aliyemlaza naye aandike tarehe mgeni aliyofika na aliyoondoka, na aipeleke kwa chef wa quartier siku ileile. Ni mistari miwili kwenye daftari, lakini maulizo yakija mwezi ujao ndiyo yatakayomjibia.

Na kwa mgeni aliyefika Basoko na siku tano zilizobaki: Kisangani ni kama kilomita 200 za kupanda mto, baleinière haina saa, na Jumapili biro imefungwa. Afadhali afunge kinga juu ya mashua ya kwanza inayopanda kesho asubuhi. Kuona Aruwimi kutangoja akirudi na siku mpya.